Sura ya Pili

Kaka mpendwa,

Kwa heshima zote, na baada ya kutafakari kwa kina, nakutangazia rasmi kwamba kuanzia leo sitaangalia tena sehemu ya pili ya kitu chochote. Uamuzi huu ni wa mwisho na hauna rufaa. Baada ya tangazo hilo, u hali gani? Sisi hatujambo. Magoti ya mama yametulia, na ameanza tena kugombana na televisheni, jambo ambalo daktari analiona dalili njema. Namba yako ya simu haipatikani, ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Natumaini bado unakaa kwenye anwani hii.

Kibanda changu cha kuwaingizia watu filamu kwenye flashi kinakwenda. Swali la wateja ni lile lile, kama namba mbili imetoka. Nawawekea, ila moyoni nawasikitikia. Namba mbili ya filamu ya mapigano ni ile ya kwanza iliyoongezewa helikopta. Ya michezo ya kompyuta naivumilia, maana angalau wanarekebisha mlango uliokuwa unakwama. Wimbo ukirudiwa, msanii mgeni huingia katikati kama mtu aliyekosea nyumba. Riwaya ndizo zinazoniudhi zaidi: mtu tuliyemzika ukurasa wa mwisho anaamka kwenye kitabu kinachofuata, eti maiti ilikuwa ya mwingine. Na sisi tulishalia.

Lakini kinachonisisimua mwili ni tamthilia. Mwigizaji akikosana na wakubwa wake akaondoka, msimu unaofuata anaingia mtu mwingine, sura nyingine, jina lile lile, anakaa kwenye kiti kile kile, na mama wa kwenye tamthilia anamwuliza kama amekula. Hakuna anayeshtuka. Zamani nilikuwa nacheka.

Sasa nisikilize. Ulipoondoka ulisema hurudi mpaka mama akuite, na mama akasema hamwiti mtu anayejua njia. Mmenuniana hivyo miaka yote. Mwezi uliopita, mchana kweupe, mtu alibisha hodi, mkononi ana kibegi. Nikafungua mimi. Akaniita Kidomo, akasema nimenenepa, akapita ndani. Mama akatoka jikoni, akamtazama kitambo, akamwuliza kama amekula.

Hakuwa wewe, kaka. Ni mrefu kukuzidi, masikio yake madogo, na anatumia mkono wa kushoto. Nilisubiri mtu aseme. Fundi cherehani wa jirani alikuja, akamkumbatia, akasema mtoto huyu na mkono wake wa kushoto alimharibia mkasi tangu yuko shule. Kinyozi naye akaapa ndiye aliyemnyoa mara ya kwanza. Nikaona nimtege: nikamwuliza paka wetu aliitwa nani. Akasema hatukuwahi kuwa na paka. Mama akacheka, akasema ni kweli, paka alikuwa wa jirani. Kaka, kovu la yule paka ninalo mkononi hadi leo.

Hana ubaya. Haombi hela, hapandishi sauti. Anamkata mama kucha za miguu, anakaa naye mbele ya televisheni na kumwunga mkono kwa kila tusi analowatupia waigizaji.

Juzi uvumilivu ulinishinda. Nikamfuata mama uani akianika nguo, nikamwambia yule si mwanawe. Hakugeuka. Akasema anajua, amejua tangu mlangoni. Akasema yule wa kwanza alimzaa mwenyewe, na mtoto huyo akamsusa mama yake. Huyu hakuitwa na mtu, na amekuja. Kisha akanishikisha vibanio, akaniambia nipunguze sauti, asije mwenzangu akasikia akajiona mgeni.

Hilo ningelizoea. Kinachoniogopesha ni changu mimi. Unakumbuka siku uliyonibeba mgongoni kutoka hospitali, mvua inanyesha, ukawa unageuka kunichungulia kama bado nalia? Jana nimeikumbuka. Mvua ilikuwepo, koti lako lilikuwepo. Ulipogeuka, uso ulikuwa wake. Nimejaribu kuikumbuka upya, polepole, tangu getini, na kila nikifika pale anageuka yeye, tena kwa upendo.

Kwa hiyo njoo. Usisubiri kuitwa, mama hataita, maana kwake wewe umeshafika. Njoo upesi, wakati bado yuko mtu mmoja humu ndani atakayefungua mlango na kukujua.

Nisalimie wote walio karibu nawe. Huku wa kukusalimu hayupo, kwa sababu kila mtu amekuona leo asubuhi. Isipokuwa kaka. Yeye anakusalimu sana. Hakuuliza naandika kwa nani, amesema tu anapita posta, nimpe aipeleke.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo

Nilisahau: godoro lako tulilichoma. Lilikuwa na kunguni.