Kompyuta, Mkono Wangu na Mzee Gabriel

Jumatatu, 11 Februari 2013. Lodwar

Ubongo wa tatu tangu Alhamisi. CD zimefika na basi la Kitale, zimefungwa kwa gazeti kama samaki. Asubuhi eksirei za vifua na mifupa. Mchana, watu wakilikimbia jua, nakaa kwenye kompyuta na kipanya na kuchora.

Picha za MRI zinapigwa Eldoret. Mimi nazungushia mstari hipokampasi, kipande cha ubongo kinachoshika kumbukumbu. Picha baada ya picha, kulia na kushoto, mpaka ukubwa wake ujulikane. Mgonjwa mmoja, saa tatu. Kikiwa kimesinyaa kuliko cha watu wa umri wake, Daktari wa Eldoret anaanza kushuku Alzaima, ugonjwa wa kusahau.

Sasa Daktari amepata programu inayochora yenyewe. Dakika chache tu. Anasema mimi nitabaki wa kuhakiki. Nimenuna siku nzima.

Alhamisi, 14 Februari

Leo zamu ya Mzee Gabriel. Huyu namfahamu. Katekista kutoka Sudan Kusini, yuko kambi ya wakimbizi ya Kakuma miaka ishirini. Desemba nilimjazia fomu ya utafiti huu wa Daktari mimi mwenyewe, binti yake Achol akimshika mkono asiondoke.

Ofisi inayoshughulikia kuhamia ng'ambo imemhoji mara mbili. Mara ya kwanza alisema ana watoto watatu. Mara ya pili watano, na mke aliyekufa yuko jikoni anapika. Wakaandika: maelezo yanapingana. Faili ni moja kwa wote, Mzee, Achol na wanawe wawili. Wamepewa mpaka Ijumaa, 22 Machi, walete barua ya daktari kwamba mzee ni mgonjwa. Bila barua, ni waongo na faili inafungwa.

Nimemaliza kumchora. Kipande ni kidogo mno. Nimetuma.

Ijumaa, 22 Februari

Jibu la Daktari. Programu inasema: kawaida kwa umri wake. Kwa hiyo barua hakuna.

Kawaida! Mtu aliyeniuliza mara nne kama mimi ndiye mwalimu mpya wa katekisimu. Nimempigia Daktari, nikamwambia mashine imehesabu maji ya ubongo kama nyama. Akaniambia kwa upole kwamba mkono wa mtu huchoka. Upole wake umeniuma kuliko matusi. Nimeomba anitumie michoro ya programu yenyewe, niione.

Jumatatu, 4 Machi

Uchaguzi. Nimepanga foleni tangu saa kumi na mbili, nimepiga kura, kidole cheusi. Mabasi hayatembei, michoro haijaja. Wodi kimya.

Nimemchora Mzee Gabriel upya, bila kutazama vipimo vya kwanza. Safari hii kimetoka kikubwa zaidi. Kidogo tu, lakini kikubwa. Naogopa. Labda Daktari ana haki.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika kwa kuwa sina wa kumwambia. Leo nimeusogeza mstari ndani. Unene wa unywele, kila picha. Kipimo kikashuka vizuri, nikahifadhi. Achol alikuwa amepiga simu asubuhi: "Dada, ile kitu ya kichwa imekubali?"

Nimeona aibu kabla chai haijapoa. Nimefuta. Nikiiba kwa huruma leo, kesho nitaiba kwa nini? Wagonjwa wote niliowachora wanategemea mkono huu usiseme uongo.

Jumanne, 12 Machi

Michoro imefika. Nimeweka mchoro wa programu juu ya wangu. Sikuamini, nikaurudia. Mistari inafuatana kama ng'ombe njiani. Maji haikuyahesabu. Ukubwa ni karibu ule ule.

Wiki tatu za hasira, na kumbe hatukupishana. Kiburi si maungwana. Ila sasa sielewi kabisa: kipande ni kile kile, mimi nasema kidogo mno, mashine inasema kawaida. Siku kumi zimebaki.

Jumatano, 13 Machi

Ekai ametatua. Ekai anayeosha filamu za eksirei, Mturkana wa hapa hapa, darasa la tano. Alinikuta nimejishika kichwa. Nikamweleza.

"Huyo mzee iko na miaka ngapi?"

Sabini na tano, nikasema. Tarehe mosi Januari, 1938.

Akacheka. Hata yeye kitambulisho chake ni tarehe mosi Januari, chifu alikisia. "Wewe uliza alikuwa anachunga nini."

Sikuona maana. Kwetu Bungoma tuna kadi za kliniki. Lakini nikampigia Achol, nikamuuliza habari ya utoto wa babake. Hadithi anaijua yote, mzee huirudia kila siku: siku bendera ya Sudan ilipopandishwa, Waingereza wakienda, alichapwa kwa kupoteza ndama mtoni.

"Ndama, si ng'ombe?" Ekai akauliza pembeni.

Ndama.

"Basi bado alikuwa na meno ya maziwa. Mkubwa hapewi ndama."

Bendera ile ni 1956. Mtoto wa miaka sita. Mzee Gabriel ana sitini na tatu! Programu ilimlinganisha na watu wa sabini na tano, wenye haki ya kusinyaa. Mimi nilimlinganisha na kila mtu, umri sikuuwaza. Na umri ule nani aliuandika kwenye fomu ya utafiti? Mimi. Niliunakili kutoka kwenye kadi yake ya kambi bila kuuliza hata swali moja. Nilikuwa nalinda mstari, nikakosea tarakimu.

Alhamisi, 14 Machi

Achol ameogopa kuliko kufurahi. "Karani aliangalia nywele nyeupe, akaandika. Sasa mukibadilisha mwaka, watasema tumedanganya tena." Ana haki. Dawa inaweza kuwa sumu.

Mficha uchi hazai. Nimempigia Daktari, nimekiri fomu ni yangu. Akasema atapitisha picha upya kwa umri wa pili, na barua itaeleza tarehe zote mbili na sababu. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Jumanne, 19 Machi

Imetoka. Kidogo mno kwa umri wake. Pamoja na majaribio ya kumbukumbu aliyofanyiwa Januari, Daktari ameandika: Alzaima. Nimechapa barua nakala mbili, nikapiga mihuri. Zitakwenda kesho na gari la chanjo.

Nilishangilia, Ekai akaniangalia. Ndipo nikakumbuka ninachoshangilia.

Jumamosi, 23 Machi. Kakuma

Nimekuja na gari la misheni. Ofisi ilipokea barua Alhamisi. Faili haijafungwa. Watahojiwa tena, Achol akimsemea babake.

Nakala yao ilikuwa bado kwenye bahasha. Kizungu cha barua kigumu, Achol akaniomba nimsomee. Nikamsomea polepole kwa Kiswahili, tumekaa nje ya nyumba, kivulini.

"Kwa hivyo hakudanganya."

Hakudanganya.

"Na hatapona."

Hatapona.

Akairudisha barua kwenye bahasha. Kisha akaniambia kwamba miaka miwili amekuwa akimfokea kila siku, baba wacha uongo, unatuharibia. Mara moja alimnyima chakula mpaka aseme ukweli.

Aliingia ndani, akapiga magoti, akamwomba msamaha. Mzee akamwekea mkono kichwani, akamsamehe kwa sala ndefu, ya mtu aliyezoea. Tukanywa chai. Baadaye mzee akamtazama, akamuuliza kwa nini analia. Achol akamweleza yote, tangu mwanzo. Akamsamehe tena.