Gari la Kulala Ulilonichagulia

Kericho

Kaka Mwangi,

Natumaini hapo nyumbani Othaya mmeamka vizuri, na mguu wa Mama hausumbui sana na baridi hii. Mama Shiru wako na watoto je? Mimi ni mzima wa mwili. Nakusalimia kwanza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, lakini usidhani ni salamu za furaha. Nimekupigia simu siku tano. Mara iko bize, mara haishikwi, na jana ukamtuma mtoto aseme umeiacha kwa chaji. Basi naandika. Karatasi huwezi kuikata katikati ya maneno yangu.

Unajua kwa nini nilitaka lile gari. Miaka sita nimezungusha mitumba kwenye masoko ya huku: leo Kiptere, kesho Litein, siku nyingine Siongiroi kule mbali. Nimelala kwa lojing'i zenye kunguni, nimelala juu ya marobota yangu kwa baraza ya duka. Nilipoona gari lenye kitanda, jiko la gesi na kabati ndani, nilisema Mungu amenikumbuka. Lakini sikukimbilia, Mwangi. Nilikuita wewe, fundi wa familia, utoke Othaya uje unikagulie, kwa sababu mimi najua nguo, sijui injini.

Ukaja. Tukaenda kwa Sammy, yadi yake ya kuuzia magari hapo kwa barabara ya Nakuru. Ulifungua boneti, ukasikiliza injini, ukalala chini ukaangalia, ukaenda na Sammy nyuma ya ofisi mkaongea. Ukarudi unapangusa mikono. Nilikuuliza, "Ni zima?" Ukaniambia, "Wairimu, hii gari imetembea kilomita elfu tisini na nane tu. Kwa gari la kutoka nje hiyo ni kama mtoto. Chukua." Nikachukua.

Sasa sikia kilichotokea, kwa maana hujauliza.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, nilikuwa naenda soko la Kiptere na Akoth, yule rafiki yangu muuza omena ambaye ulikula kwake samaki ukamsifu. Alikuwa nyuma, amekaa kwa kitanda akishikilia ndoo zake zisimwagike. Tulipofika ule mlima wa kabla ya soko, gia ilichomoka yenyewe. Nikairudisha, ikakataa. Injini ikazima. Nikakanyaga breki, ikawa ngumu kama jiwe. Nikavuta breki ya mkono, waya ukakatika nikabaki nimeshika chuma tupu.

Gari likaanza kurudi nyuma, Mwangi. Mwanzo polepole, halafu kwa nguvu. Nilisikia vyombo vikianguka na Akoth akiniita jina langu. Nilikata usukani, tukaingia kwenye majani chai kwa matako ya gari, na ni ile michai iliyotushika. Upande wa pili wa barabara ni bonde. Wachumaji walitupa vikapu wakaja mbio, wanaume kwa wanawake, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu kabla hata sijafungua mlango.

Akoth alikuwa amerushwa kwenye lile jiko. Mkono wake wa kulia umevunjika mahali pawili. Ndio mkono anaopimia omena, ndio anaofulia, ndio anaobebea mjukuu. Hospitali walimfunga plasta mpaka juu ya kiwiko.

Watu wa shamba walilivuta gari kwa trekta mpaka kwa fundi mmoja wa Kiptere, dada anaitwa Chebet. Alilala chini ya gari muda mrefu kuliko wewe, hilo nakuhakikishia. Alipotoka aliniita nije nione kwa macho yangu. Alinionyesha pedali ya klachi: mpira umewekwa mpya, lakini chuma chenyewe kimelika mpaka kimepinda. Alinionyesha skrubu za dashibodi, zimekwaruzwa na bisibisi. Halafu akainua zulia karibu na kitanda, akatoa kadi ya kubadilisha oili iliyokuwa imekwama hapo, imeandikwa kwa kalamu kilomita za mara ya mwisho. Elfu mia tatu themanini na saba.

"Mita imerudishwa nyuma, mama," akasema. "Hii gari imezeeka. Gia boksi imekwisha, imejazwa oili nzito ndio isipige kelele siku ya kuuza."

Nikamwambia, "Lakini ndugu yangu ni fundi, na aliikagua."

Chebet akaitazama tena ile pedali. Akapangusa bisibisi yake. Mwishowe akasema, "Kukosa hiyo kadi, sawa, ilikuwa imejificha. Lakini hiyo pedali hata mwanafunzi wangu angeiona."

Nilikutetea, Mwangi! Mbele ya watu nilisema pengine ulikuwa umechoka na safari. Hasira yangu yote nikaipeleka kwa Sammy. Nilikodi gari la kuvuta, nikamwambia dereva aniachie lile gari mbele ya geti ya yadi, katikati kabisa, lisipite hata pikipiki. Nikashuka, nikaweka jiwe kwa gurudumu, nikaingia ndani nikawasha jiko nikapika chai.

Nilikaa hapo siku tatu. Si ni gari la kuishi? Basi niliishi. Nilipika githeri, nilianika nguo zangu kwa kioo cha pembeni, na mvua ya saa nane ikija nafunga mlango, ikiisha nafungua. Kila mteja aliyekuja kutazama gari nilimkaribisha chai na nikamwonyesha ile kadi. Askari aliitwa. Alisoma karatasi za mauzo, akasoma kadi, akamwambia Sammy, "Ongea na huyu mama," akaenda zake. Akoth naye alikuja siku ya pili na plasta yake, akakaa kwa mlango. Yeye ndiye aliyefukuza wateja kuliko mimi.

Siku ya tatu Sammy alitoka, shati limelowa jasho. "Mama, unaniharibia jina."

"Jina lako liko na kilomita ngapi?" nikamuuliza.

Watu wakacheka. Hapo ndipo alipopandwa na hasira akasema mbele ya wote: "Unanionea mimi pekee? Ndugu yako nilimwambia ukweli! Aliona pedali, akaniuliza, nikamwambia mita si yenyewe. Akasema nisikwambie. Muulize matairi manne ya pikapu yake yalitoka wapi."

Mwangi, nilikaa chini pale kwa ngazi ya gari. Akoth ndiye aliyenishika bega kwa ule mkono mzima.

Matairi manne. Mimi niliyekuosha miguu ulipoungua na redieta. Ungeniomba matairi ningekununulia, hata kama ni kwa kuuza robota nzima. Ulinitazama usoni ukaniambia "chukua", ukijua nitalala humo, nitapanda milima humo. Ulifikiria nini? Kwamba likinifia njiani nitasema ni bahati mbaya?

Sammy amekubali. Atatoa gia boksi nzima kutoka gari lingine la yadi yake, Chebet ameikagua na kuikubali, na hospitali ya Akoth ni juu yake. Ameandika na kutia sahihi mbele ya yule askari. Kwa hivyo kwa Sammy nimemaliza. Nimebaki na wewe.

Sitaki pole yako, na usinitumie mtu. Panda uje Kericho kabla ya wiki kuisha. Utaifunga hiyo gia boksi kwa mikono yako, waya wa breki pia, Chebet akiwa amesimama juu yako, na kila kitu utakachofunga atakifungua akiangalie. Gari likishakamilika, wewe ndiye utakayeliendesha mpaka juu ya ule mlima, nami nitakaa nyuma, pale alipokuwa Akoth.

Mama sijamwambia. Ukija, utamwambia mwenyewe, kwa maneno yako. Usipokuja nitamwambia mimi, kwa yangu.

Msalimie Mama, umwambie dawa ya kupaka mguu nimeipata. Msalimie Mama Shiru, na umwambie sina neno naye. Shiru aambiwe shangazi amemwekea sweta ya shule. Mjomba wetu mwenye kinu cha mahindi naye namsalimia sana.

Nimemuuliza Akoth kama ana neno la kukuandikia. Amefikiria, akasema: "Mwambie nguo zangu za wiki mbili ziko kwa karai. Siwezi kukamua kwa mkono mmoja."

Nimemwambia utafua.

Ni mimi dada yako, na hilo hata matairi hayawezi kulibadilisha,

Wairimu