Ladu Elfu Moja na Moja

Nyamira mjini

Mama yangu mpenzi,

Mjukuu wako Neema amekula ladu sasa hivi. Nimegeuka tu kuchukua kifuniko, kurudi nakuta mashavu yamejaa, ananitazama kama si yeye. Nimeshindwa hata kumgombeza. Nimemfuta mdomo nikakaa nikuandikie, maana nikinyamaza nitalia.

Habari za Taveta? Kile kifua kimepoa? Sisi wazima, ila mvua ya huku kila alasiri haikosi.

Mama, nambari imenichosha. Mama Nisha, yule Mhindi mwenye duka ninapofanya vibarua, binti yake anachumbiwa kesho. Zimetengenezwa ladu, zile tamu za mviringo za unga wa dengu, elfu moja na moja. Akaniambia, "Mama Neema, panga kwa boksi. Kila boksi sawasawa, hapana bakisha. Ukiweza, mimi andika wewe kazi ya kudumu." Nawe unajua kibarua, leo upo, kesho hupo. Nikiandikwa, Neema ataingia nasari.

Nikapanga mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, zikabaki mbili. Nne, moja. Tano, moja. Sita, zikabaki tano, karibu niwarushie kuku. Nane, tisa, kumi, vilevile. Nambari gani hii isiyopatana na mtu?

Kwamboka, mwenzangu wa kazi, akasema, "Dada, si ule hiyo moja yaishe? Elfu tupu inagawanyika yenyewe."

Nikamwuliza Mama Nisha kama tunaweza kuipunguza. Akanitolea macho. "Hapana. Elfu iko mwisho. Ile moja iko mwanzo." Kwao zawadi huongezwa moja ili baraka isifungiwe mlango.

Saba nilikuwa nimeiruka. Nani hupanga vitu saba saba? Haikai hata mistari. Lakini boksi zenyewe ni za duara, na ukizungusha ladu sita pembeni, katikati panabaki nafasi ya moja, kamili. Nikajaza ya kwanza, nikajaza nyingine, hadi boksi mia moja arobaini na tatu, sinia tupu. Hizo nazo zina maringo yao: tumejaribu kuzipanga kwa safu, zimekubali safu kumi na moja za boksi kumi na tatu, au uzigeuze, basi.

Ndipo Neema akachomoa ile ya katikati kwenye boksi ya juu. Mama Nisha ameikuta na shimo lake, ameibeba kwenda jikoni. "Sasa ni elfu kamili, furahi," Kwamboka ananiambia. Sina cheko.

Nisalimie shangazi wa genge la mboga, na mjomba wa mbuzi. Mdogo wangu mwambie asiikimbie hesabu, itamfuata hadi kazini.

Mama Nisha ananiita huko jikoni. "Mama Neema, kuja na kitambulisho yako." Mama, kitambulisho ni cha nini kama si cha kuandikwa kazi?