Wimbo wa Tarumbeta Niliokunyima

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaiitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila hiyo.

Kwanza ujue kwamba nina furaha. Mume wangu Emili ananiamsha kwa chai. Akitoka kwenda kufundisha, hurudi kutoka kwenye kona ili anipungie mkono tena, mpaka majirani zetu hapa Kilakala wanatucheka. Sikujua kama mtu anaweza kupendwa hivi. Ndiyo maana nililokufanyia linaniuma zaidi: nililifanya siku niliyokuwa na furaha kuliko zote.

Jumamosi tulikwenda mjini kununua mashine ya kupigia santuri ulizoniachia. Unakumbuka tulivyokuwa tukipanga foleni ya sabuni? Siku hizi bidhaa zimejaa madukani mpaka barazani. Tulikuta mashine mbili tunazozimudu. Moja mpya, nyepesi, ya plastiki nyekundu. Nyingine mtumba, kasha la mbao, kifuniko kina ufa.

"Chukua hii mpya, dada," muuzaji akaniambia. "Wimbo ukiisha, mkono wa sindano unajirudisha wenyewe. Hakuna wa kuinuka."

"Basi hiyo ndiyo yetu," Emili akasema, akanibana bega. "Mimi nikishakaa karibu na huyu siinuki."

Nikaona haya, nikatoa santuri yako ya tarumbeta ili tuzijaribu zote mbili.

Mjomba, unazikumbuka zile Jumamosi za Bigwa, ukishaweka chini randa na msumeno? Ulikaa na ule mguu wako mbovu juu ya kigoda. Wimbo ulipoisha sindano ilibaki ikikwaruza, kwaru, kwaru, nawe ukaita, "Vero! Inuka, mwanangu, sindano inakula santuri!" Nilikimbia hata nikiwa na unga mikononi. Halafu gramafoni yako ikafa, mwaka niliomaliza kidato cha nne, na hakupatikana wa kuitengeneza. Tangu hapo hukuusikia tena wimbo ule.

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Ungeweza kuweka masharti mengi nilipoposwa. Wewe uliomba kitu kimoja.

"Siku ya harusi, nikikutoa ndani, wapige ule wa tarumbeta. Fundi wa muziki nimeshamuuliza, mashine yake inapiga santuri."

"Mjomba, jamani! Watu watanicheka. Siku hizi ni kaseti."

Ulicheka. "Haya, bibi harusi. Siku yako, ruksa."

Nilidhani yameisha. Lakini uliponishika mkono kunitoa, niliona pembe ya jalada la santuri ikichungulia ndani ya koti lako. Ulikuja nayo hivyo hivyo. Neno langu moja kwa fundi wa muziki lingetosha. Nikatazama mbele, kwa Emili, na kaseti ikaendelea.

Nilijiambia nitakuja Jumapili kukuomba radhi. Jumapili tatu zikapita, nikiona uvivu kutoka mikononi mwa mume wangu. Ya nne tulikuja kukuzika.

Dukani, ile mashine mpya iliupiga wimbo wako vizuri kabisa. Ulipoisha, mkono ukajirudisha, tak, kimya. Tukahamia ile ya mbao. Wimbo ukafika mwisho, na sindano ikaanza: kwaru, kwaru. Kabla sijajua ninachofanya nilikuwa nimeshainuka kwenye benchi na kuinyanyua, machozi yakinitoka mbele ya wateja. Emili alikuwa ameshasikia kwangu habari ya santuri ya ndani ya koti. Akamwambia muuzaji, "Tufungie hii ya mbao."

Jana alasiri, mawingu yakiwa yameshuka hadi nusu ya mlima, nilifungua madirisha yote ya nyumba yetu ndogo, nikaongeza sauti kadiri mashine ilivyoweza. Tulikaa sakafuni, bega kwa bega. Ni wimbo mzuri, Mjomba. Mzuri kuliko kaseti yoyote. Hakuna ambaye angenicheka.

Ukaisha. Sindano ikaanza kukwaruza. Emili akanitazama, akataka kunyanyuka yeye, nikamshika mkono.

Unisamehe kwa kuiharibu kidogo santuri yako. Sikuinuka. Nilikuwa nasubiri uniite.

Mpwa wako uliyemtoa ndani,

Vero