Vitabu vya Kuazima

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Mimi nanyonyesha bado na wewe ni mwalimu mzima, lakini ukoo ndio ulionipa ubibi. Hapa Makorora hatujambo, na mtoto ameota meno mawili.

Unasema umekabidhiwa kusimamia shule yenu ijitathmini kabla ya wakaguzi wa ithibati kuja, na unaniuliza uandike ilivyo au inavyotakiwa iwe.

Zuhura wangu alipoanza la kwanza, shule yao nayo ilijitathmini, nami nikawa mjumbe wa wazazi. Tulifanya kama tunavyofanya kwenye harusi, sahani zikipungua tunaazima kwa majirani. Tukaazima vitabu shule ya jirani, nikavipanga rafuni kwa mikono yangu. Zuhura akachukua kimoja, akakaa nacho chini.

"Mama, na kesho kitakuwepo?"

Nikamwendea mwalimu mkuu, nikamwomba aandike kwamba vitabu hatuna.

"Mama Zuhura, unataka tukose ithibati?"

"Tukiandika tunavyo, mwalimu, nani atatuletea?"

Akafuta alipoandika kwamba vitabu tunavyo, akaandika hatuna. Ithibati ilichelewa kweli, na maneno ya mtaani niliyasikia, hayo tuyaache. Lakini wakaguzi waliporudi, rafuni palikuwa na vitabu vyetu wenyewe, tulivyoletewa. Siku hiyo Zuhura alisoma kimoja hadi katikati, akakirudisha taratibu, akaniambia atamalizia kesho.

Mungu akupe wepesi, mjukuu wangu.

Bibi yako,
Mama Zuhura