Neno Moja Alilobaki Nalo Babu

Mama yangu,

Huku Ishiara jua linachoma hadi kuku wanashinda chini ya meza. Babu anakunywa uji vizuri, lakini kile kiharusi kimemwachia neno moja tu: "Ndiyo." Mizinga yake ya nyuki iko kichakani, kwenye miti anayoijua yeye peke yake. Mjomba amezunguka akiitafuta mpaka amechoka, sasa anamwuliza:

"Baba, iko upande wa mto?"

"Ndiyo."

"Ama kule mlimani?"

"Ndiyo." Halafu babu anajipiga paja kwa hasira, kwa sababu anajua si hilo alilotaka kusema.

Jana watu wa kanisa walikuja kumwombea. Walipoanza kuimba, babu akaimba nao ubeti mzima, kila neno! Nikakumbuka chuoni tulifundishwa kwamba nyimbo hukaa upande mwingine wa ubongo, si ule wa usemi. Wageni walipoondoka, nikamwimbia swali kwa sauti ya wimbo ule ule: mizinga iko wapi? Mama, alifunga macho akaimba mpaka mwisho: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Usilie sana. Jumamosi nikifika huko nyumbani Kaaga, uniambie kila kitu unachojua, hata kile unachodhani nakijua.

Nakupenda,
Makena wako