Taa Zilikuwa Nzima

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, presha imeshuka na goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za ofisini. Wifi hajambo? Mwambie salamu zake nimezipata. Na wale wanangu wawili waambie shangazi yao bado anauma, wasidhani umri umemng'oa meno. Mwili wangu hauna shida. Mengine utayasoma.

Umeniandikia hivi, na nanukuu neno kwa neno usije ukasema nimekutilia chumvi: "Mji huu hauna watazamaji wa tamthilia. Una ndugu wa waigizaji." Najua uliipenda sentensi hiyo, nakuona ukiisoma mara ya pili na kujichekea. Chini kabisa, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni, ukaongeza swali. Yule fundi wa taa wa kundi letu, tunayemwita Tochi, ameomba kazi katika ukumbi mkubwa unaousimamia. Usaili ni Jumatano. Wenzako wawili wa jopo wamesikia kwamba yeye ndiye aliyetuharibia onyesho likatufia mikononi. Ni kweli au si kweli? Nitakujibu yote mawili, nianze na hilo uliloliona kubwa.

Si kweli, kaka. Jumamosi ya kwanza walikuja watu kumi na wanne, na tisa walikuwa ndugu, sikatai. Lakini hoja yako ingesimama kama ndugu wangekuwa na kawaida ya kuja. Wa kwangu hajawahi kutia mguu.

Huko kwenye ukumbi wako wa viti vya kukunja na chupa za maji mezani, tamthilia ni kitu cha kuwachangamsha watu kabla ya hotuba. Waigizaji wanaambiwa wafike saa mbili asubuhi, wanasimama juani na mavazi yao hadi saa saba, mgeni rasmi anafika saa nane, wanapewa dakika sita, na katikati mtu anawapungia mkono wamalize. Halafu mnaandika ripoti kwamba sanaa haina wapenzi. Mimi nasema watu wetu wanaipenda. Wanachokichukia ni kufanywa magunia ya kujaza viti vya nyuma mpaka mkubwa atakapomaliza kula.

Ndiyo maana sisi tuliweka sheria moja. Tulikodi lile ghala la magunia nyuma ya karakana ya mabati, seremala akatuchongea mabenchi, tukashona mapazia meusi. Fundi cherehani, mama mmoja mfupi asiyetaniwa, akawa mwenye mlango. Kila Jumamosi saa kumi kamili alasiri anafunga, na aliyemo ndiye mgeni rasmi. Hakuna hotuba, hakuna kiti cha mtu. Mwenye nyumba alichelewa dakika tatu akafungiwa nje ya ghala lake mwenyewe. Alipofoka kwamba jengo ni lake, fundi alimjibu kupitia tundu la ufunguo kwamba jengo ni lako baba, saa si yako. Mimi mwenyewe, mwandishi wa mchezo, niliwahi kufungiwa, nikasikiliza maneno yangu nikiwa nimebandika sikio kwenye bati.

Sheria hiyo ndiyo iliyotujengea watazamaji. Wauguzi walijua wakitoka zamu watawahi. Kinyozi wa pembeni alijua atafunga kiti saa kumi kasoro kumi na kurudi kunyoa saa kumi na mbili. Mchezo mmoja tuliucheza majuma manane mfululizo ili aliyeuona apate nafasi ya kumsimulia jirani, na jirani naye aje. Kufikia mwezi wa saba mabenchi hayakutosha. Sista, muuguzi wa wodi ya watoto aliyecheza nafasi ya mama, alisema amechoka kutambuliwa sokoni, kwani wauza nyanya wanamgombeza kwa makosa aliyoyafanya jukwaani. Hao si ndugu, kaka. Hao ni watazamaji wenyewe, wale unaosema hawapo.

Na juu ya ngazi, kila Jumamosi, alikuwa Tochi. Ana wajukuu sita na miaka thelathini ya kuunga nyaya. Taa zetu alizitengeneza kwa makopo ya maziwa ya unga, akayapaka rangi nyeusi kwa nje na kuyang'arisha kwa ndani. Alikuwa na mwanga wa asubuhi na mwanga wa chumba cha mgonjwa, na ukimuuliza tofauti anakuambia ukae kwenye benchi utazame. Hakuwahi kukosa hata siku moja. Hakuna taa iliyomzimikia.

Sasa nifike kwenye swali lako la pili, ambalo nimelizunguka kurasa mbili kama mtu anayeogopa sindano.

Nilipoandika mchezo kuhusu baba yetu, nilikualika. Unaikumbuka barua? Niliuita mchezo wa karani wa mizani. Ndani yake kuna watoto wawili wanaosikiliza kikohozi cha baba yao kupitia ukuta wa mbao, na mkubwa anamziba mdogo masikio. Nilitaka uone kwamba sikusahau ni nani aliyeniziba masikio. Nina miaka hamsini na mmoja, nimegombana na mawaziri magazetini, nimeandika vitabu vinne, na hujawahi kuniambia kwamba umesoma hata ukurasa mmoja. Ukajibu kwamba utakuja.

Siku ya onyesho watu walijaa mpaka kwenye vizingiti. Ilipotimu saa kumi fundi cherehani alishika komeo, nami nikamshika mkono. Nilimwambia tunamsubiri mtu. Aliniuliza mtu gani. Nikasema mkubwa wa kumbi za mji. Sikusema kaka yangu. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye yule mwenye nyumba, lakini akauacha mlango wazi. Kisha nikaenda mwenyewe, kwa mikono hii, nikaweka kiti mbele ya mabenchi na kukitandika kitambaa.

Saa kumi na nusu ukanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, kikao kimenibana, anzeni tu. Nitakuja siku nyingine." Niliusoma nikiwa nyuma ya pazia. Nikaizima simu, nikaitia mkobani, nikatoka kuwaambia wenzangu kwamba umeshafika kona ya mwisho.

Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza vya kutosha. Nadhani niliamini kwamba nikikusubiri kwa ukaidi wa kutosha utaona aibu ukiwa hukohuko kikaoni na kuinuka.

Saa kumi na moja watoto walianza kulia. Kinyozi aliuliza kwa sauti kama mgeni huyo anakuja au ndiyo kwanza anazaliwa, ghala zima likacheka, kisha wakaacha kucheka. Mwanamke mmoja alisema alidhani hapa ni tofauti. Alisema taratibu, bila hasira. Saa kumi na mbili kasorobo wa benchi la nyuma walisimama. Ndipo nikapanda jukwaani. Mtu mwenye ulimi kama wangu, niliyewavua nguo wakubwa wangapi kwa sababu ya uongo wao, nikawatazama wale watu na kuwaambia tunaomba radhi, fundi wetu amepata hitilafu ya taa.

Taa zilikuwa nzima. Tochi alikuwa juu ya ngazi tangu saa tisa, mkono kwenye swichi. Alinitazama. Angeweza kuwasha, kaka. Kidole kimoja tu kingetosha kunianika. Badala yake akanyoosha mkono kwenye swichi kuu, akaikata, ghala likawa giza. Alinifichia aibu yangu kwa jina lake mwenyewe.

Watu walitoka wakipapasa kuta. Kwenye mkutano wa Jumatatu waigizaji walimjia juu, wakasema amezembea, wakasema uzee. Sista peke yake alisema aliiona taa ya kati ikipashwa moto mchana ule, nami nikamkatiza kwamba pengine amechanganya siku. Tochi hakujitetea. Aliuliza kitu kimoja tu: kama mwandishi naye anaona hivyo. Kura za kumwondoa zikapigwa. Nami niliinua mkono.

Jumamosi iliyofuata waliokuja hawakujaza nusu ya mabenchi, na wengi waliingia saa kumi na moja, kwa kuwa tulishawafundisha kwamba saa yetu nayo ni ya kudanganya. Fundi cherehani alirudisha ufunguo, akasema hajui tena anamfungia nani. Baada ya miezi mitatu mwenye nyumba alirudisha magunia yake. Wewe ukayaona magunia, ukaandika sentensi yako.

Kwa hiyo hatukufa kwa kukosa watazamaji, wala kwa kukosa taa. Mimi ndiye niliyewafukuza watazamaji, ili mtu mmoja aliyekwisha kusema haji apate pa kukaa. Hilo nalibeba mwenyewe, sikutwishi. Lakini usijione msafi. Ulijua tangu utoto wetu jinsi ninavyokusubiri, na umekuwa ukinisubirisha kwa raha zako.

Nilimwandikia Tochi mara mbili. Barua zilirudi bila kufunguliwa. Nilikwenda kwake, mkewe alinikaribisha kiti uani, akaniambia mzee amelala, nami nilikuwa namsikia akipiga nyundo ndani. Nasikia sasa anatengeneza pasi za watu. Wenzake waigizaji nao nimewaandikia leo, kila mmoja nakala yake, kwa maneno haya haya.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mpaka yule paka wa wifi anayenichukia. Sitaki unijibu kuhusu mimi. Sitaki unisamehe, wala umwambie mama kwamba tumeyamaliza. Nataka jambo moja kwenu, wewe na hao wenzako wawili mtakaokaa mezani Jumatano. Tochi akishaingia na kukaa, kabla hamjamuuliza swali lolote, simameni nyote watatu, na mmoja wenu asome barua hii kwa sauti, kuanzia pale saa kumi na nusu uliponitumia ujumbe. Usiruke panapokutaja wewe. Usiruke kura yangu. Halafu mpeni kazi yake.

Mimi mdogo wako,
Mwandishi